Sufuria Ipo, Ruhusa Je? Jinsi Kerneli Inavyoiambia Programu Uwezo wa Prosesa

Kijana mmoja alitujia kitengoni na laptopu yake begani, jasho linamtoka kama katembea kutoka Likoni. "Shikamoo, mwalimu. Hii mashine nimeuziwa mbovu." Aliinunua mtumba, anajifunza kutengeneza tovuti. Alikuwa ameweka hifadhidata ya MongoDB, toleo la 5.0, na kila akiiwasha inakufa hapo hapo na kuacha maneno mawili kwenye skrini: Illegal instruction. Fundi alimwambia ni RAM. Akabadilisha RAM, maneno yakabaki yale yale.

Mashine ilikuwa nzima. Prosesa yake ni Core 2 Duo, ukoo ulioanza kuuzwa mwaka 2006. Toleo lile la MongoDB linadai prosesa iwe na AVX, maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo mmoja, ambayo Intel iliyaleta sokoni mwaka 2011. Programu ilitoa agizo ambalo prosesa hailijui, prosesa ikaikatalia, kerneli ikaiua programu. Hapa Mombasa, ambapo wengi wetu tunanunua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, ni vizuri jambo hili lieleweke kabla pesa za RAM hazijatoka mfukoni.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu kwenye prosesa, inayoshika vifaa. Kazi yake nyingine, ambayo haitajwi sana, ni kuiambia kila programu prosesa hii inaweza nini.

Chukua mpishi wa biriani aliyeitwa kwenye harusi, nyumba haijui. Hawashi moto kabla ya kuuliza: sufuria kubwa ipo? Anaweza kuchungulia jikoni mwenyewe, lakini kuiona sufuria si kuruhusiwa kuitumia. Huenda mwenye nyumba keshamwahidi jirani.

Kwenye prosesa za Intel na AMD, kuchungulia jikoni kunaruhusiwa. Lipo agizo linaloitwa CPUID, na programu yoyote ikilitoa prosesa inajibu kwa biti, yaani alama za ndiyo au hapana: hiki ninacho, hiki sina. Kwenye prosesa za ARM, zilizomo ndani ya simu zetu karibu zote, rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa) zenye habari hizo zimefungiwa ndani. Programu ya kawaida haifiki. Huko ni lazima kerneli iseme.

Basi mbona hata kwenye Intel CPUID haitoshi? Kwa sababu ya zamu. Prosesa inahudumia programu nyingi kwa kupokezana, na kila inapobadilisha zamu kerneli huhifadhi yaliyomo kwenye rejista za programu inayotoka ili ikirudi iyakute. AVX ilipokuja ilileta rejista pana za biti 256. Kerneli ya zamani isiyozijua haizihifadhi, kwa hiyo programu mbili zikizitumia kwa zamu, moja inafuta namba za mwenzake. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kengele. Hesabu inatoka vibaya tu, na mimi naliogopa kosa la namna hiyo kuliko programu kufa mbele ya macho yangu. Ndiyo maana prosesa hazifungui AVX mpaka kerneli iwashe kibali chake. Programu iliyoandikwa vizuri hutazama vitu viwili: biti ya AVX, na kibali cha kerneli, ambacho husomwa kwa agizo la XGETBV. Wanaotazama cha kwanza peke yake wako wengi.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda zaidi, kwa sababu ya urefu wa kusubiri kwake. Mwaka 2012 Intel ilitoa prosesa za Ivy Bridge zenye maagizo yaitwayo FSGSBASE, yanayoiwezesha programu kubadilisha anwani fulani yenyewe bila kwenda kuiomba kerneli. CPUID ikatangaza kuwa yapo. Lakini kerneli ya Linux haikuyaruhusu hadi toleo la 5.9, mwaka 2020. Miaka minane sufuria iko jikoni, inaonekana, na haiguswi. Programu iliyoamini CPUID peke yake na kuyatumia ilikufa kifo kile kile cha MongoDB ya kijana wetu.

Sasa kerneli inasemaje? Kwenye Linux, programu inapoanzishwa, kerneli huipangia ukurasa wa kwanza wa maisha yake. Kwenye ukurasa huo huweka maneno uliyoandika kwenye amri, kisha mipangilio ya mazingira, na chini yake orodha ya jozi za namba: namba ya swali na namba ya jibu. Jozi yenye swali namba 6 ni ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu, mara nyingi 4096. Jozi ya 16, AT_HWCAP, ni uwezo wa prosesa, kila biti na maana yake. Biti zilipojaa ikaongezwa jozi ya 26, AT_HWCAP2, na kibali cha FSGSBASE kiko humo. Programu haina haja ya kufungua faili wala kupiga hodi popote. Inaita kitendakazi cha getauxval, jibu linatoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe.

Ukitaka kuiona orodha hii kwa macho, fungua terminali na uandike:

LD_SHOW_AUXV=1 /bin/true

Programu hiyo haifanyi chochote, ila orodha itamwagika yote.

Kwenye prosesa za ARM za biti 64, biti ya 3 ya AT_HWCAP inasema kama kuna maagizo ya usimbaji wa AES, njia ya kuficha data isisomwe na wengine. Hilo si dogo. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ambayo wanafunzi wetu wanaipenda, haina maagizo hayo. Raspberry Pi 5 inayo. Maktaba ya OpenSSL, ambayo programu huitumia kusimba data, ni ile ile kwenye zote mbili. Inapoanza inasoma biti, kisha inachagua: njia ya prosesa, au njia ndefu ya programu. Maktaba ya glibc, ya msingi kwa programu nyingi za Linux, nayo hufanya hivyo hata kwa kazi ndogo kama kunakili kumbukumbu. Ina namna kadhaa za kunakili, na inachagua moja programu inapopakiwa.

Simu ina mtihani wake. Prosesa ya simu huwa na viini (cores) vikubwa na vidogo, na kerneli huihamisha programu kutoka kimoja hadi kingine bila kuiarifu. Kiini kikubwa kikiwa na agizo ambalo kidogo hakina, programu itafanya kazi dakika moja na kufa dakika inayofuata. Kwa hiyo kerneli hutangaza kile tu ambacho viini vyote vinakiweza. Intel ilikutana na hayo mwaka 2021 kwa prosesa za Alder Lake: viini vikubwa vilikuwa na AVX-512, yaani AVX iliyopanuliwa, vidogo havina, na mwishowe kampuni ikaizima.

Wanaokodi seva za mtandaoni wajue kuna dalali katikati. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa kwa programu ndani ya seva, huonyeshwa kile tu ambacho mwenye seva ameamua kionekane, hata prosesa ya chini ikiwa mpya kabisa.

Kwa anayekwenda kununua kompyuta ya mtumba, chukua flashi yenye Linux, iwashe mashine kwayo hapo hapo dukani, uandike:

grep -m1 -ow avx /proc/cpuinfo

Ikijibu avx, prosesa inayo na kerneli imeikubali. Ikinyamaza, haina, au imefungwa. Muuzaji akikuambia "hii ni Core i, haina neno," andika amri hiyo hata hivyo: Core i5 za kwanza, za kabla ya 2011, hazina AVX.

Kijana wetu tulimwekea MongoDB 4.4, isiyodai AVX. Tulimwambia pia kwamba toleo hilo haliungwi mkono tena tangu 2024, kwa hiyo ajifunzie tu, asiweke humo data ya wateja. RAM ya zamani alikuwa nayo bado kwenye begi. Tukairudisha kwenye nafasi iliyokuwa wazi, mashine sasa inazo mbili.