Je, wajua kwa nini mkoko huhesabiwa kwenye pato la taifa siku ukikatwa?

Ukienda kwa muuza miti ya mikoko pwani, hakupi bei kabla hajakuuliza unataka nini: fito, pau, mazio, boriti au nguzo? Majina yote hayo ni ya mti ule ule, tofauti ni unene. Fito unaizungushia vidole vya mkono mmoja na vinakutana. Boriti inataka mikono miwili. Mkishaelewana mnahesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, kama walivyohesabu manahodha waliokuwa wakijaza majahazi kutoka Lamu na Rufiji kwenda Oman na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Hata vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni vyembamba na virefu kwa sababu hiyo. Fundi hakuweza kutanua chumba kuliko boriti inavyofika.

Korija moja ikishalipiwa, mtakwimu anaiona. Mkataji kapata chake, mwenye mashua kapata chake, muuzaji kaongeza juu, na jumla ya nyongeza hizo inaingia kwenye Pato la Taifa. Hapo uchumi umekua.

Sasa rudi kwenye tope, kwenye mti wa pili ambao panga halikuufikia. Mizizi yake imefuga kaa na kamba. Vifaranga vya samaki vinajificha humo mpaka vipate ukubwa wa kuthubutu kutoka baharini. Wimbi linalokuja na kusi linavunjikia hapo, halifiki kwenye nyumba. Tope la chini yake linazika hewa ya ukaa kwa kiasi ambacho misitu mingi ya bara haifikii kwa kila hekta. Katika daftari la taifa mti huu, kwa kazi yote hiyo, ni sifuri. Samaki aliyelelewa humo atahesabiwa akifika mnadani, lakini sifa ataichukua mvuvi.

Watu wengi wakisikia hivi hudhani ni uzembe wa ofisi ya takwimu, au ni njama. Si hivyo. Watakwimu wanafuata kanuni ambayo ina kitu kinachoitwa mpaka wa uzalishaji: kilicho ndani ya mpaka ni uchumi, kilicho nje si uchumi. Mpaka huo haukuteremka kutoka mbinguni. Uliwekwa na watu, tena watu waliokuwa na haraka.

Haraka ya kwanza ilikuwa njaa. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, na serikali haikuwa na namba moja ya kueleza umeanguka kiasi gani. Kazi ya kuitafuta akapewa Simon Kuznets, mchumi aliyezaliwa Pinsk, mji ambao leo uko Belarus. Mwaka 1934 aliipelekea Seneti ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya 1929 na 1932 kipato cha taifa kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu. Ndani ya ripoti hiyo hiyo aliandika onyo ambalo wengi waliirukia namba wakaliacha: hali njema ya taifa haiwezi kujulikana kwa kutazama kipato chake tu. Baadaye akapendekeza hesabu itoe vitu ambavyo havimnufaishi mtu, silaha zikiwamo na sehemu kubwa ya matangazo ya biashara.

Hakusikilizwa, kwa sababu haraka ya pili ilikuwa vita. Uingereza ya 1940 ilitaka kujua inaweza kutengeneza ndege na vifaru vingapi bila kuwalaza raia na njaa. Mchumi John Maynard Keynes alisukuma hesabu inayojumlisha matumizi yote ya serikali, mabomu kwa mkate, na vijana wawili, Richard Stone na James Meade, wakaipanga kufikia 1941. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ukatoa mwongozo wa kwanza kwa dunia nzima, Stone akiwa kinara wake. Kwa maneno mengine, kipimo tunachokitumia kupima amani yetu kilishonwa kwa vipimo vya vita. Mimi simlaumu aliyekishona. Alikuwa na tatizo lake na alilitatua vizuri.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye habari zake hazisimuliwi vya kutosha huku kwetu. Mwaka 1941 Stone na Meade walimwajiri mwanamke kijana aitwaye Phyllis Deane, wakampa kazi ya kujaribu hesabu yao mpya kwenye makoloni, hasa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Deane alianzia mezani London, kisha baada ya vita akaenda vijijini. Huko hesabu ikamshinda kutumia jinsi alivyopewa. Aliwaona wanawake wakichota maji, wakikata kuni, wakitwanga, wakipika pombe, wakipika chakula, na hakuna aliyemlipa mwenzake. Kwa fomula ya London, vijiji vile vilikuwa karibu havina uchumi. Deane akasema haiingii akilini kuacha nje kuni na upishi katika nchi ambazo kazi hizo ndizo zinazoendesha maisha. Mwongozo wa 1953 haukumfuata.

Leo mpaka umesogea kidogo, na mahali uliposimama panachekesha. Tangu mwongozo wa 1993, maji unayojichotea na kuni unazojiokotea, kwa kanuni, ni uzalishaji, kwa sababu ni vitu. Kupika, kufua, kufagia, kunyonyesha na kumuuguza mzee si uzalishaji, kwa sababu ni huduma unazoipa nyumba yako mwenyewe. Kwa hiyo fikiria mama anatoka kisimani na ndoo kichwani. Njia nzima anajenga uchumi wa nchi. Akifika kwenye kizingiti cha jiko, akatua ndoo, akainjika sufuria, amekwisha kutoka kwenye uchumi. Mama lishe wa jirani amepika maharage yale yale kwenye sufuria ya ukubwa ule ule, ila yeye ameyauza, kwa hiyo yake yamo.

Usidhani watakwimu wanaogopa kukadiria kitu kisicho na bei. Ukiwa unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe, kanuni inakufanya uwe mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja: wanakadiria kodi ambayo ungejilipa, na kodi hiyo hewa inaingia kwenye pato la taifa. Mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, zilianza kujumlisha makadirio ya biashara ya dawa za kulevya na ukahaba. Basi tukubaliane kwamba kukadiria kunawezekana. Swali ni nani anayehesabika kuwa anastahili kukadiriwa.

Kenya ilipofanya utafiti wake wa kwanza wa matumizi ya muda mwaka 2021, ilionekana wanawake wanatumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, na wanaume hawafikishi saa moja. Nawajua wanaume waliobisha matokeo hayo, wakisema saa moja ni nyingi mno.

Na kama bado unaiona namba hii kuwa kitu kigumu kama kilo ya sukari, kumbuka Septemba 2014. Shirika la takwimu la Kenya lilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kulinganishia, likaingiza shughuli zilizokuwa zimekua bila kuhesabiwa ipasavyo. Uchumi ukaongezeka kwa takriban asilimia 25, na Kenya ikahamia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Nigeria ilikuwa imefanya hivyo Aprili mwaka huo huo, ikapanda kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Asubuhi yake bei ya unga ilikuwa ile ile. Lakini si mchezo wa karatasi tu, maana deni la taifa hupimwa kwa kulinganishwa na pato, na pato likipanda kwenye karatasi, nafasi ya kukopa inapanda nayo. Namba ikibadilika, mikopo inabadilika, na mkopo unalipwa na watu wenye mwili na damu.

Hao wanaotaka uchumi ufikiriwe upya wamegawanyika. Wapo waliotafuta kipimo cha kuwekwa kando ya pato, kama Fahirisi ya Maendeleo ya Watu ya mwaka 1990 iliyobuniwa na mchumi Mahbub ul Haq wa Pakistan akisaidiwa na mchumi mwenzake wa India, Amartya Sen, inayochanganya kipato, elimu na umri wa kuishi. Wapo waliotupilia mbali wazo la mstari unaopanda milele. Kate Raworth, mchumi Mwingereza ambaye aliwahi kufanya kazi Zanzibar, alichora umbo la donati mwaka 2012. Sisi tungesema andazi lenye tundu. Anayeangukia tunduni amekosa chakula, maji, shule, matibabu. Anayemwagikia nje ya andazi amevuka kile ambacho dunia inaweza kustahimili. Shabaha ni kukaa kwenye unga. Jiji la Amsterdam lilitangaza mwaka 2020 kuutumia mchoro huo katika mipango yake. Napenda picha ile, ingawa nchi nyingi zetu bado ziko tunduni na zikiambiwa zisimwagike nje huuliza, kwa haki kabisa, aliyemwagika ni nani.

Kundi la tatu halina mvuto wa picha, na nadhani ndilo litakalobadilisha mambo zaidi: watakwimu wenyewe. Mwaka 2021 walikubaliana Umoja wa Mataifa namna ya kuhesabu mifumo ya asili, ekari kwa ekari, na kazi inayofanya. Machi 2025 wakapitisha mwongozo mpya wa hesabu za taifa, ambamo kumaliza rasilimali ya asili kunahesabiwa kuwa gharama ya uzalishaji, kama mashine inavyochakaa. Tahadhari hapa: gharama hiyo inakatwa kwenye pato halisi, lile linalobaki baada ya kutoa uchakavu. Pato ghafi, ambalo ndilo linalotangazwa kwenye hotuba ya bajeti, linabaki bila doa. Ukitaka kujua kama nchi yako inakula mtaji wake, itabidi usome jedwali la ndani zaidi.

Turudi matopeni, Gazi, kusini mwa Mombasa katika kaunti ya Kwale. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi kulisha matanuri ya viwanda. Ufuo ukabaki wazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wakaanza kupanda upya, James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya akiwa mmoja wao. Mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117, hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo inapimwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na vyeti vyake vinauzwa nje. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini zimepeleka maji ya bomba na vifaa vya shule, na matumizi yake yanaamuliwa kwenye baraza la kijiji.

Kwa hiyo mkoko uliosimama umeingia daftarini, tena bila panga. Ila tazama mlango ulioingilia. Umeingia kwa kuuzwa, kama korija ya boriti, na kilichouzwa ni ile hewa tu ambayo mtu wa mbali anaihitaji ili kufidia moshi wake. Siku mnunuzi akikosa hamu, hesabu inarudi sifuri, na mti haujapungukiwa hata jani. Kaa, vifaranga na wimbi lililovunjika havikuuzwa, kwa hiyo havimo. Nisieleweke vibaya: ningekuwa mkazi wa Gazi, ningepiga kura ya ndiyo mara mbili.

Bomba limefupisha safari. Mama aliyekuwa akienda mbali sasa anakinga ndoo karibu na nyumbani, analipia, na malipo yanaandikwa. Kisha anaibeba hadi kizingitini, anaingia jikoni, anawasha moto.