Maiki ya kondensa haivuti kelele za jirani kama unavyoambiwa

Hii ya "usirekodi nyumbani na maiki ya kondensa, itakuletea mpaka jogoo wa jirani" (kondensa ni ile maiki inayohitaji umeme ili ifanye kazi) tumeisikia miaka mingi, na mtu anaishia kununua maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme, kwa ajili ya udi au gitaa la akustika halafu anashangaa mbona sauti imefifia. Ukweli ni kwamba sensitiviti ni umeme kiasi gani maiki inatoa kwa sauti ileile, basi. SM57, dainamiki ya Shure, inatoa kama milivolti 2 kwa paskali moja (kipimo cha nguvu ya sauti), kondensa nyingi zinatoa 10 hadi 30, kwa hiyo ukiipandisha geini (ukuzaji wa sauti) ya dainamiki mpaka zilingane, jogoo naye anapanda na udi wako, hachaguliwi. Kama zote ni kadioidi, yaani zinasikia zaidi mbele, na ziko palepale, tofauti ni ndogo sana, labda kondensa itaonyesha ile "sss" ya feni kwa sababu inasikia sauti za juu vizuri zaidi.

Kinacholeta kelele ni umbali. Toa maiki sentimita 60 kutoka kwenye udi, weka 30, udi unaongezeka kama desibeli 6 na chumba kinabaki vilevile, mi huwa naielekeza pale shingo inapokutana na mwili, sio kwenye tundu, pale inavuma tu.

Kwa hiyo ukienda dukani angalia self-noizi, yaani mvumo wa maiki yenyewe: chini ya 15 dBA (desibeli zinavyosikika na sikio) inatosha, NT1 ya RØDE ni 4.5. Na hakikisha intafesi yako (kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ina fantomu ya volti 48, yaani ule umeme wa kuendesha kondensa.