Ukimya wa Ndama Safarini

Katika malori yanayotoka Kiruhura na Mbarara, magharibi mwa Uganda, kupeleka mifugo Kampala, wengi humhurumia ng'ombe anayelia na kurusha mateke, wala hawamtazami mara mbili ndama aliyejilaza kimya pembeni. Sisi wataalamu wa mifugo humwangalia huyo kwanza. Mwili wa ndama wa siku chache haujakomaa kuitikia taharuki kama mwili wa ng'ombe mzima, hivyo hahangaiki wala halii sana, ilhali anapoteza joto, maji na nguvu bila mtu kutambua.

Tabia yake safarini ni tofauti pia. Ng'ombe wakubwa husimama muda mwingi lori likienda, lakini ndama akipata nafasi na nyasi kavu hulala. Kumchanganya na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu ni kumhatarisha bure, kwa kuwa breki ikifungwa ghafla atakanyagwa. Tena hajajifunza kufuata kundi, kwa hiyo kumchapa fimbo ili apande hakusaidii kitu, huganda palepale. Mpakiaji anayeijua kazi humshika kwa mkono mmoja chini ya shingo na mwingine nyuma ya mapaja, akamsogeza taratibu juu ya ubao usioteleza.

Kabla ya kupakia, tazama kitovu. Kikiwa bado kibichi au kimevimba, ndama abaki nyumbani. Uliza pia kama alinyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake baada ya kuzaa, ndani ya saa 6 za kwanza, kwa sababu baada ya takriban saa 24 utumbo wake hauwezi tena kupitisha kinga iliyomo humo kuingia kwenye damu, na lori lenye mifugo ya mazizi mengi ni mahali pabaya kwa asiye na kinga. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2005, hauruhusu ndama wa chini ya siku 10 kusafirishwa zaidi ya kilomita 100. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni takriban kilomita 270.

Gumu zaidi ni kunywa. Ndama ambaye hajaachishwa kunyonya hajui birika la kunyweshea mifugo, na ukimwekea ndoo ya maji baridi kituoni ataitazama tu. Anahitaji maziwa yenye joto kama la mwili wake, kwenye chupa yenye chuchu, na muda wa kuyanywa bila kusukumwa. Kanuni hiyohiyo ya Ulaya inadai mapumziko ya angalau saa 1, pamoja na kinywaji, baada ya saa 9 za kwanza za safari.

Kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya kipatikane mapema, kwani lori linalorudishwa njiani kwa sababu ya karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo humwongezea ndama saa nyingi za njaa. Akifika, vuta ngozi ya shingo kisha iachie: isiporudi upesi, au macho yakiwa yamezama, apewe maji yenye chumvi na sukari maalumu ya ndama, atengwe na wengine, na aangaliwe kila siku kwa wiki mbili, kwa maana kuhara na homa ya mapafu vilivyoanzia barabarani mara nyingi hujitokeza akiwa tayari zizini kwa mnunuzi.