Sheria za kununua risasi Marekani: lini jimbo linaweza kuzitekeleza?

Kwa sheria ya California, huwezi kuagiza risasi mtandaoni zikaletwa mpaka mlangoni kwako. Ni lazima uende kwa muuzaji mwenye leseni, utoe kitambulisho, jina lako lipitishwe kwenye mfumo wa Idara ya Haki ya jimbo kuona kama umekatazwa kuwa na silaha, ndipo uuziwe au ukataliwe. Wapiga kura waliidhinisha sheria hiyo mwaka 2016 kwa takriban asilimia 63, na ukaguzi wenyewe ukaanza tarehe 1 Julai 2019. Julai 2025, majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, mahakama ya shirikisho inayohudumia California na majimbo mengine ya magharibi, walisema sheria hiyo inakiuka Katiba ya Marekani. Lakini hukumu ilipotoka, wenye maduka waliendelea kukagua wateja kama walivyofanya jana yake.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Sheria imeshindwa mahakamani, mbona bado inafanya kazi? Jibu ni kwamba tunaposema sheria inaweza kutekelezwa, tunauliza maswali matatu kwa mpigo: je, jimbo lina mamlaka ya kuitunga? Je, inapatana na Katiba? Na je, leo hii ipo amri ya mahakama inayoizuia? Sheria inaweza kuanguka kwenye swali la pili na bado ikawa na nguvu kwa sababu ya swali la tatu.

Swali la mamlaka halina ugumu. Majimbo ya Marekani yana mamlaka yao wenyewe ya kulinda usalama wa raia. Hayasubiri ruhusa kutoka Washington. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 iliwataka wauzaji waandike kumbukumbu za mauzo ya risasi, lakini mwaka 1986 Bunge la Congress likayaondoa masharti mengi ya aina hiyo. Majimbo kadhaa yakaziba pengo kwa njia zao. Illinois hudai kadi ya utambulisho ya mmiliki wa silaha. New York ilianza kukagua wanunuzi wa risasi tarehe 13 Septemba 2023, kwa ada ya dola 2.50 kila ununuzi. Jimbo halina ruhusa, hata hivyo, ya kuwabagua wafanyabiashara wa majimbo mengine ili kuwalinda wa kwake, na hiyo ni moja ya hoja zilizotumiwa dhidi ya California, kwa kuwa inamlazimu muuzaji wa nje kupitishia mzigo wake kwa muuzaji wa ndani.

Kazi kubwa iko kwenye Katiba. Marekebisho ya Pili ya Katiba hiyo, ya mwaka 1791, yanataja haki ya kuwa na silaha, hayataji risasi. Hata hivyo mwaka 2014, katika kesi iliyohusu jiji la San Francisco, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilikubali kwamba haki ya kuwa na bunduki inabeba ndani yake haki ya kupata risasi za kuitumia. Ni hoja ninayoiona sahihi: bunduki isiyo na risasi haimlindi mtu. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba haki hiyo ni ya kila raia binafsi, na mwaka 2010 kwamba inayabana majimbo pia. Kisha mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikabadilisha kipimo chenyewe. Tangu hapo haitoshi jimbo kusema kwamba sheria yake inaokoa maisha. Ikishaonekana kwamba sheria inagusa haki iliyo kwenye Katiba, jimbo ndilo lenye mzigo wa kuthibitisha kwamba inafanana na desturi ya kudhibiti silaha iliyokuwepo katika historia ya nchi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba halihitaji kutafuta sheria pacha ya zamani; inatosha kuonyesha kwamba msingi wake ni ule ule.

Kesi ya California imebeba jina la Kim Rhode, mlenga shabaha aliyepata medali katika Michezo sita ya Olimpiki mfululizo, kuanzia Atlanta 1996. Jimbo lilileta mifano ya kihistoria, ikiwemo sheria za enzi za mapinduzi zilizowataka watu wale kiapo cha utii. Jaji Sandra Ikuta, aliyeandika hukumu ya Julai 2025, akasema hakuna hata mmoja unaofanana na kumkagua mtu upya kila anapotaka kununua risasi. Jaji Jay Bybee alipinga: kwake, ukaguzi ambao mara nyingi uligharimu dola 1 na kuchukua chini ya dakika moja haumzuii mtu kutumia haki yake.

Dola 1 hiyo, ada iliyotumika hadi katikati ya mwaka 2025, na dakika moja ni kwa yule ambaye taarifa zake zinalingana na kumbukumbu za bunduki zilizoko kwenye mfumo wa jimbo. Ukihama nyumba na anwani ya zamani ikabaki kwenye kumbukumbu, mfumo unakukataa, ingawa hujawahi kushtakiwa kwa lolote. Hapo utarekebisha kumbukumbu, au utalipa dola 19 kwa ukaguzi mpana zaidi na kusubiri kwa siku kadhaa. Kama leseni yako ya udereva haijakidhi masharti ya shirikisho, utabeba pia pasipoti au cheti cha kuzaliwa. Miezi ya mwanzo waliokataliwa walikuwa kama asilimia 16 ya waliokaguliwa; nusu ya kwanza ya mwaka 2023, asilimia 11. Wengi wao kosa lao lilikuwa kumbukumbu zisizolingana, na waliokatazwa kweli kisheria walikuwa wachache mno. Mimi naunga mkono nia ya kuzuia risasi zisifike kwa mtu aliyehukumiwa kwa kumpiga mkewe. Ndiyo maana inanisikitisha kuona jimbo likitetea kwa miaka utaratibu wenye kasoro ambayo lingeweza kuirekebisha lenyewe.

Sasa swali la tatu. Jaji akiona sheria inakiuka Katiba, hutoa zuio linalokataza maofisa wa jimbo kuitekeleza. Jimbo hukimbilia mahakama ya rufaa kuomba zuio hilo lisimamishwe mpaka rufaa isikilizwe. Aprili 23, 2020, Jaji Roger Benitez wa mahakama ya shirikisho ya ngazi ya kwanza, aliyesikiliza kesi ya Rhode, alitoa zuio la muda. Kesho yake watu wakanunua risasi bila kukaguliwa, na siku hiyo hiyo mahakama ya rufaa ikalisimamisha. Mwishoni mwa Januari 2024 akatoa zuio la kudumu, likadumu siku chache tu. Hata hukumu ya rufaa haina nguvu papo hapo. Upande ulioshindwa unaweza kuomba jopo kubwa zaidi, ambalo katika Kanda ya Tisa ni majaji 11, na muda wote huo sheria inabaki ilivyo.

Kwa hiyo anayeuza bila kukagua kwa sababu alisoma kwamba sheria imefutwa anaweza kushtakiwa. Vivyo hivyo mkazi wa California anayenunua risasi Nevada na kurudi nazo nyumbani bila kuzipitisha kwa muuzaji mwenye leseni. Kwamba hakuna anayepekua kila buti ya gari mpakani hakuifanyi safari hiyo kuwa halali.

Na kuna kundi ambalo kesi hii haiwagusi kabisa: wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi wetu kutoka Afrika Mashariki. Hao wanakatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki au hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mahakama ikifuta ukaguzi wa California kesho asubuhi, katazo hilo litabaki pale pale.