Picha Iliyounganishwa Si Picha ya Kughushi

Juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu alinionyesha video kwenye simu yake, tumekaa kivulini hapa Makole, Dodoma, tukingoja jua lipungue. Sauti ndani ya video ilidai kwamba kila picha ya Dunia kutoka anga za juu imetengenezwa kwenye kompyuta, na kwamba Dunia ni bapa kama ungo. Kijana alikuwa ameamini nusu. "Mwalimu, hii ni kweli?" Aliuliza kwa dhati, na mtu akiuliza kwa dhati hachekwi, hujibiwa.

Dhana: "Hakuna picha hata moja halisi ya Dunia nzima. Zote zimeunganishwa."

Uvumi huu una nguvu kwa sababu ndani yake mna ukweli kidogo. Mwaka 2002 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitoa picha ya Dunia iliyokuja kupamba skrini za iPhone za mwanzo. Kweli, ile iliunganishwa. Setilaiti iliyoipiga, Terra, huzunguka kilomita kama 700 tu juu ya ardhi, na kutoka hapo haiwezi kuiona Dunia yote kwa mara moja. Huipiga ukanda baada ya ukanda, siku baada ya siku. Robert Simmon wa NASA na wenzake walizishona kanda hizo, wakatandaza tabaka la mawingu juu yake, na sehemu nyingine mawingu yakarudiwa. Ndiyo maana wenye video hukuonyesha mawingu mawili yanayofanana kama pacha. Lakini hakuna siri waliyoifichua, kwa kuwa waliotengeneza picha hiyo walieleza wenyewe jinsi walivyoitengeneza.

Kwenye mahafali, ukoo ukiwa mkubwa, mpiga picha hupiga mara tatu kisha akaziunga ili wote waingie. Sijasikia mtu akisema ukoo huo haupo.

Tena kuna picha ambazo hazikuunganishwa kabisa. Tarehe 7 Desemba 1972 wanaanga wa chombo cha Marekani cha Apollo 17, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, walikuwa njiani kwenda Mwezini, jua likiwa nyuma yao. Wakaipiga Dunia kwa kamera ya Hasselblad, kwa filamu. Katika fremu moja tu ya filamu hiyo Afrika inaonekana karibu yote, na Tanzania yetu imo. Kuna Madagaska, Bara Arabu, na barafu ya Antaktika. Upande wa juu kulia kuna kimbunga, kile kile kilichokuwa kimeipiga Tamil Nadu huko India siku mbili kabla. Mtu anayesema picha hii ilichorwa atueleze mchoraji alijuaje kimbunga kilipokuwa siku hiyo.

Na kama humwamini Mmarekani, hilo halina shida. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat ni za Wazungu wa Ulaya. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Zinakaa kilomita karibu 36,000 juu ya Ikweta, na Afrika iko katikati ya picha zao. Warusi wana Elektro-L, Wachina wana Fengyun, Wajapani wana Himawari, Wahindi nao wana zao. Baadhi ya mataifa haya hayapatani hata kidogo, lakini picha zao zote zinaonyesha Dunia mviringo kama mpira. Sisi wa kanda ya kati, ambao mtama, alizeti na zabibu zetu vinategemea mvua za msimu kati ya Novemba na Aprili, tunaguswa na picha hizi moja kwa moja, kwa sababu watabiri wa hali ya hewa hufuatilia mawingu humo kila siku.

Iko pia kamera ya setilaiti ya DSCOVR, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Hiyo ilikuwa ikipiga picha tatu, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine, kisha zikiunganishwa kupata rangi kamili. Tarehe 16 Julai 2015 Mwezi ulipita mbele ya Dunia ikiwa inapiga. Ukichungulia ukingo wa Mwezi kwenye picha hiyo utaona uzi mwembamba wa kijani, kwa sababu Mwezi ulisogea kidogo kati ya picha moja na nyingine. Mimi naipenda sana alama ile.

Dhana: "Mabara hubadilika ukubwa kutoka picha moja hadi nyingine."

Nunua tikitimaji pale Majengo. Lisogeze karibu na pua: mchirizi mmoja wa kijani unajaza macho. Lishike mbali kwa mkono ulionyooka: mchirizi ule ule ni mwembamba, na mingine imeonekana. Tikiti halijabadilika, kilichobadilika ni umbali wa jicho. Kituo cha anga za juu cha ISS, kilichoko kilomita kama 400 juu, upeo wake wa macho uko kilomita 2,200 hivi tu kila upande, kwa hiyo huona kipande tu cha Dunia, na bara moja laweza kuijaza picha.

Dhana: "Mbona hakuna nyota?"

Mpige mwenzako picha usiku chini ya taa kali za Nyerere Square. Yeye atatoka vizuri, anga itatoka nyeusi tupu. Kamera iliyopangwa kwa kitu chenye mwanga mkali hainasi nyota hafifu, na Dunia iliyopigwa na jua ni angavu mno.

Kijana akaniuliza la mwisho: kwa nini basi uwanda wa Bahi ni tambarare? Nikamwambia, Bahi ni kipande kidogo tu cha mpira mkubwa, ndiyo maana unaiona tambarare. Siku ukiwa huko jioni, litazame jua linavyozama. Halisinyai kama taa ya lori inayokwenda mbali. Hukatwa kuanzia chini, likiwa na ukubwa wake ule ule, mpaka limalizike. Wakati wa Ramadhani, Dar es Salaam hufuturu dakika kama 14 kabla ya Dodoma, na Kigoma hungoja zaidi ya dakika 20 baada yetu. Kwenye picha za Meteosat za jioni utauona ukingo wa giza la usiku ukiingia kutoka Bahari ya Hindi, ukapita juu yetu, ukaelekea Ziwa Tanganyika.