Programu ya kuhariri sauti za kinanda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mpiga kinanda au gitaa mwenye mashine ya kioo kidogo hutamani siku moja aione mipangilio yake yote kwenye kompyuta, aivute kwa kipanya, aihifadhi, mambo yaishe. Tamaa hiyo haina ubaya. Tatizo ni maneno yanayoambatana nayo, maana wanamuziki tumeshaambizana mengi yasiyo kweli.

“Ukiunganisha na kompyuta, sauti inakuwa bora”

Haiwi. Programu ya namna hii haitengenezi sauti wala haiisafishi. Inatuma namba kwenda kwenye kinanda, kinanda kinazipokea na kupiga kama kawaida yake.

Chukua Yamaha DX7, kinanda kilichotoka mwaka 1983 na kusikika sana kwenye pop ya miaka ya themanini. Sauti moja ya DX7 ni namba 145 na jina la herufi 10, basi. Ndani yake kuna opereta 6, yaani vyanzo 6 vya mawimbi, na njia 32 za kuziunganisha. Jinsi sauti inavyopanda na kushuka tangu kidole kiguse hadi kiachie huhitaji namba 8 kwa kila opereta. Zidisha kwa 6, unapata 48. Zote hizo unazitazama moja baada ya nyingine kwenye kioo cha mistari 2 ya herufi 16, na kuzibadilisha kwa kitelezi kimoja. Si ajabu wengi waliishia kutumia sauti za kiwandani.

Programu inaziweka namba zote mbele ya macho kwa mara moja. Fungua ile piano ya umeme ya kiwandani iitwayo E. PIANO 1. Imejengwa kwa jozi 3 za opereta, na katika jozi ya kwanza opereta ya 2 inaitikisa ya 1 kwa masafa ya mara 14 ya nota unayopiga. Hapo ndipo unapotoka ule mlio wa chuma unaosikika mwanzoni mwa nota. Shusha kiwango cha opereta ya 2, mlio unalainika; kipandishe, unakuwa mkali hadi unakera. Ungeyafanya hayohayo kwa vitufe vya kinanda na kupata sauti ileile. Tofauti ni kwamba sasa unaona ulichokigusa, na kesho unaweza kukirudia.

“Mjuzi wa kweli hahitaji kompyuta”

Majigambo. Roland D-50 ilipotoka mwaka 1987, kampuni yenyewe iliuza pembeni kifaa kilichojaa vitelezi, PG-1000, kwa sababu ilijua vitufe vya kinanda havitoshi. Na kompyuta ya Atari ST, ya mwaka 1985, ilikuja na matundu ya MIDI, yaani njia ya vinanda na kompyuta kupeana maagizo, kwenye mwili wake, na wanamuziki wa wakati ule wakaitumia kuhariri sauti za vinanda vyao. Hili si jambo la vijana wa leo.

“Nimebadilisha kwenye skrini, basi imeshahifadhiwa”

Huu ndio uongo unaotoa watu machozi. Vinanda vingi vina sehemu ya muda inayoshika sauti unayoichezea sasa hivi, na sehemu nyingine ya kudumu. Programu kwa kawaida huandika kwenye ile ya muda. Ukichagua sauti nyingine au ukizima umeme kabla ya kuhifadhi, kazi yote imekwenda. DX7 ina kinga zaidi: hadi uondoe ulinzi wa kumbukumbu kwa vitufe vyake, haitapokea benki nzima, yaani sauti zake zote 32 kwa pamoja, hata programu ikuambie imetuma. Kuna pia mpangilio wa kuruhusu ujumbe wa mfumo (SysEx, tutaufikia hapa chini) upite. Ukiwa umefungwa, utatuma mpaka uchoke na kinanda hakitaitikia.

Hapohapo kuna faida kubwa ambayo wengi hawaifikirii wanapotafuta programu: nakala. Kumbukumbu ya DX7 inategemea betri iliyochomelewa ndani. Betri ikifa, sauti zote hufa nayo. Mwenye faili la benki yake kwenye kompyuta anabadilisha betri, anatuma faili, anaendelea na shughuli. Asiye nalo anaanza upya. Mimi ningemshauri mtu achukue nakala kabla hata hajajifunza kuhariri.

“Kebo yoyote ya USB inatosha”

Kwanza tutenganishe vitu viwili. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: nota ipi, kwa nguvu gani, kitelezi kipi kimefika wapi. Anayechomeka kebo ya MIDI akitegemea kurekodi kinanda atasubiri sana, isipokuwa kinanda chake kiwe kimetengenezwa kupitisha sauti kwa USB pia.

Pili, maagizo ya kubadilisha sauti yenyewe husafiri kwa ujumbe uitwao SysEx. Kila ujumbe unabeba namba ya kampuni, kwa hiyo kinanda cha Yamaha hakitashughulika na ujumbe wa Roland. Tofauti na ujumbe wa nota, ambao ni mfupi, SysEx inaweza kuwa ndefu: benki nzima ya DX7, sauti 32, ni baiti 4,104. MIDI ya waya wa pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo benki hiyo huchukua kama sekunde 1.3. Si muda mrefu, lakini zile kebo za bei ya kutupa zenye kijisanduku katikati mara nyingi zina kumbukumbu ndogo mno ya kushika ujumbe mrefu. Nota zinapita vizuri kabisa, kwa hiyo mtu anaapa kwamba kebo ni nzima, kumbe SysEx inakatwa njiani. Kabla hujailaumu programu wala kinanda, azima kebo nyingine ya maana ujaribu. Ukikosa, tafuta kwenye programu mahali pa kupunguza kasi ya kutuma. Wakati mwingine inasaidia.

“Kampuni haijatoa programu, basi hakuna”

Nyuma ya vitabu vya maelezo vya vinanda vingi, kurasa ambazo hakuna anayezifungua, kuna jedwali la ujumbe wote ambao kinanda kinaelewa. Kwa majedwali hayo watu wamejiandikia programu zao. Dexed ni ya bure, inaiga DX7 ndani ya kompyuta na pia inaweza kutuma sauti kwenye DX7 halisi. Edisyn, nayo ya bure, inahariri vinanda vingi vya makampuni tofauti. Kwa kutuma na kupokea mafaili tu, Windows kuna MIDI-OX na Mac kuna SysEx Librarian.

Na programu ya kampuni si lazima idumu zaidi. Apple ilipotoa mfumo wa kompyuta za Mac uitwao macOS Catalina mwaka 2019, programu zote za zamani za biti 32 ziliacha kufunguka humo. SoundDiver ya Emagic, iliyokuwa tegemeo la wengi, ilibaki bila mlezi baada ya Apple kuinunua Emagic mwaka 2002. Kinanda kinaweza kuishi miaka arobaini. Programu yake ikifika kumi, shukuru.

“Kinanda chochote kinaweza kuhaririwa”

Hapa wapiga vinanda wa kwaya na wa bendi wasikilize, maana wengi wana Yamaha za familia ya PSR. Zile za bei nafuu hazijafungua undani wa sauti zake kwa mtu wa nje. Kompyuta itachagua sauti, itapandisha volyumu, itaongeza mwangwi, lakini haitaijenga sauti upya, kwa sababu mlango huo haupo. Zile kubwa kama PSR-SX zina programu rasmi, Yamaha Expansion Manager, ya kuongeza sauti na mitindo mipya. Hata hiyo haifanyi kazi kwa kukisia: unatoa kwanza faili la utambulisho wa kinanda chako kwenye flashi, unaliingiza kwenye programu, ndipo inatengeneza kifurushi cha kinanda hicho.

Wapiga taarabu nao huuliza programu ya kupata robo toni. Kwa vinanda hivyo vikubwa haihitajiki kabisa. Ipo sehemu ya Scale Tune ndani ya kinanda chenyewe, yenye mipangilio ya Kiarabu tayari, na unaweza kushusha nota yoyote senti 50, yaani robo toni, kwa vidole vyako, bila kompyuta, dakika chache kabla ya kupanda jukwaani.