Kaumwa na nyoka, mbona hachomwi dawa?

Lawama hii tunaisikia sana wodini: mgonjwa kakimbizwa usiku, kagongwa na nyoka, na daktari anamwangalia tu. Ndugu wanahisi dawa imefichwa.

Si kila jino la nyoka huacha sumu. Wapo nyoka wasio na sumu ya kumdhuru mtu, na hata kifutu au swila huweza kuuma bila kuimwaga. Jiwe jeusi linalouzwa masokoni limejipatia sifa hapo hapo, kwa kubandikwa watu ambao wangepona hata wasingebandikwa kitu.

Antivenomu, yaani dawa ya kuzima sumu, kwa kawaida hutokana na damu ya farasi aliyedungwa sumu kidogo kidogo hadi mwili wake ukajenga kinga. Protini hiyo ya farasi huweza kuushtua mwili wa binadamu: pumzi ikabana, presha ikashuka ghafla. Ndiyo maana hutolewa kwa dripu, adrenalini ikiwa tayari pembeni, na kwa mwenye dalili tu. Mtoto hupewa kipimo kile kile cha mtu mzima, maana nyoka hakumpunguzia sumu.

Dalili zenyewe hutofautiana. Kifutu huleta uvimbe unaopanda haraka, malengelenge na nyama kuoza. Koboko hupoozesha: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, kisha misuli ya kupumulia inasimama. Huyu akipata mashine ya kupumulia mapema anaweza kupona. Nyoka wengine huharibu mgando wa damu, na kipimo chake hata zahanati ya kijijini inakiweza: damu kidogo inawekwa kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, inaachwa dakika 20 bila kutikiswa, kisha chupa inainamishwa. Ikitiririka kama maji, sumu iko kazini.

Tunachokipokea mara nyingi, na kinachotuumiza roho, ni mguu uliofungwa mpira wa baiskeli kwa saa kadhaa. Kwa sumu ya kifutu, kufunga hivyo ni kuuua mguu. Msichanje, msinyonye. Vueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda, mgonjwa atulie, asitembee. Bodaboda inafaa, mradi akae katikati na wa nyuma amshike. Maumivu yapozwe kwa paracetamol. Aspirini na diclofenac huongeza hatari ya kuvuja damu. Nyoka msimfukuze. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, tena kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma.

Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Asiye na dalili tunamlaza saa 24. Asubuhi wengi hudai ruhusa kwa sababu wanajisikia wazima. Tunawakatalia, kwani sumu ya nyoka wa mitini aitwaye boomslang huweza kukaa kimya saa nyingi kabla fizi hazijaanza kutoa damu.